Koti la Mvua la Ini

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla watu wa mtaa wetu wa Nshambya hawajauanza kwa niaba yangu. Msimu mzima wa kuvuna kahawa, mimi, mtu mzima niliyefika sekondari na kupewa kalamu ya ukarani, nilikuwa nasimama nyuma ya migomba kila asubuhi nikitazama mkojo wangu unavyogeuka rangi, na nilikuwa nafurahi. Ulianza kama chai ya rangi, ukawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Badala ya kukimbilia hospitali nilirudi ndani nikipiga mluzi, nikamwambia mke wangu, "Unaona? Uchafu unatoka."

Hakuna uchafu uliokuwa unatoka. Ini langu ndilo lililokuwa linaniaga.

Ninaandika haya sasa kwa kuwa ninaweza kukaa kitini bila kujikuna, na kwa kuwa wako watu wenye ugonjwa wa sukari, hapa Bukoba na kule Muleba, wanaoambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Tena ninaandika kwa sababu nina hasira. Mchungaji wetu amenishauri nisamehe kwanza, ndipo niandike. Nimejaribu yote mawili, nimeona kuandika ni rahisi zaidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ni kupima kahawa katika ghala la chama kimoja cha ushirika mjini, na saa ya kutoka ikifika hakuna aliyewahi kuniona nikipita kwingine. Wenzangu wana vilabu vyao, mimi nina kiti changu barazani. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa hapahapa na baba aliyetoka pwani, husema kiti kile siku kikivunjika nitaomba likizo ya msiba. Ulimi wa mama huyu mtaujua mbele ya safari.

Ugonjwa ulinifuata hapohapo kitini. Kwanza kiu. Nilikuwa namaliza mtungi wa maji kabla jua halijakaza, halafu njia nzima ya kwenda kazini naitafuta migomba ya watu. Suruali zikaanza kunivaa kama mgeni. Nikasema ni kazi nyingi. Mke wangu ndiye aliyeona sisimizi. Aliniita nyuma ya nyumba, akanionyesha pale ninapozoea kusimama, na wadudu wamejipanga kama watu wanaosubiri mshahara.

"Hawa wamefuata nini?" akaniuliza.

"Wadudu nao wana mambo yao."

"Wana mambo na wewe. Pale ninapomwaga maji ya vyombo hawapo."

Hivyo nikaenda hospitali. Ni ipi, sitaitaja, maana nina mke na nina haja ya kurudi pale nikivunjika mguu. Wewe unayekwenda kwa mara ya kwanza, jiandae na benchi. Benchi la wagonjwa wa sukari ni la aibu kuliko mengine, kwa kuwa kila mtu amekuja na chupa ya mkojo wake, na hakuna anayejua aishike namna gani. Wengine huificha ndani ya kofia. Mimi niliileta katika chupa ya dawa ya kikohozi, nikaifunga kwa leso kama zawadi. Karibu nami aliketi mzee mmoja wa Kitendaguro na chupa kubwa imejaa hadi shingoni.

"Mzee," nikamwambia, "umeleta na ya majirani?"

"Waliniambia nilete," akasema. "Sikuambiwa nibanie."

Dresa, yaani yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda na kugawa dawa, alikuwa anachukua mkojo kidogo, anautia katika dawa ya bluu, anauchemsha juu ya moto mdogo. Ukibaki bluu, una heri. Ukigeuka kijani, mambo yameanza. Ukiwa mwekundu kama udongo wa kuchomwa, wewe ni wetu. Wote benchini tuliangalia vile vichupa kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Nani mwenye tofali hili?" dresa akauliza kwa sauti ya mnadani.

"Mimi," nikasema.

"Basi kajenge."

Benchi zima likacheka, na yule mzee wa chupa kubwa akacheka kuliko wote. Yeye alikuwa kijani tu.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mtu wa haraka. Alinipa vidonge vyeupe, vipya kutoka kwao, akaniambia nina bahati, maana kabla ya vidonge hivyo ingekuwa sindano. Akanikataza sukari, ndizi mbivu, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, na ndizi za kupika nile kwa kiasi. Kumwambia Mhaya ale ndizi kwa kiasi ni kama kumwambia avute pumzi kwa kiasi, lakini niliitikia. Siku zile mjini watu walizungumza habari za kujitawala tu; mimi nilikuwa nashindwa kujitawala mbele ya sufuria.

Nilipofika mlangoni daktari akaniita tena. "Vidonge hivi kwa watu wachache huumiza ini," akasema. "Ukiona macho ya manjano, rudi mara moja. Usingoje."

Nakuomba uyaweke maneno hayo mahali, maana yeye mwenyewe aliyasahau.

Mvua za vuli zinazoleta senene, wale panzi tunaowala, zilipoanza nilikwenda Muleba, juu ya lori la kahawa, kumwona mama. Nilikuwa nimeanza kunona kidogo, na vile vichupa vilikuwa vinatoka kijani. Mama alinipokea kwa kilio, kisha kwa chakula. Jioni akaja mjomba wangu Kasiano, kaka yake mama, ambaye kwao ndiye anayejua majani. Si mganga wa kupiga ramli, yeye hucheka wanaopiga ramli. Anajua jani gani la tumbo, gani la mtoto asiyelala. Tukaketi, tukapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa, nikamsimulia vidonge na lile neno la mlangoni.

Mjomba alitafuna polepole. "Kwa hiyo Mzungu amekupa dawa inayotibu damu na kula ini. Na yeye mwenyewe amekwambia."

"Amesema kwa watu wachache."

"Wewe si mchache? Uko mmoja tu." Akanyanyuka, akaenda kwenye mpaka wa shamba, akarudi na fungu la omubirizi. Kila mtu wa kwetu anaujua mti ule, uchungu wake humtoa machozi hata mbuzi. "Twanga, loweka kwa maji baridi, kunywa asubuhi kabla ya vidonge vyao. Hii hulinda ini. Ini lako litakuwa limevaa koti la mvua. Waache wanyeshe."

Mama akasema, "Sikia mjomba wako."

Nikamsikia. Nikamsikia kupita alivyosema.

Hapa ndipo ujinga ulipopata nyumba. Wewe na mimi tumelelewa hivi: dawa isiyo chungu si dawa. Vile vidonge havikuwa na ladha yoyote, kama kulamba chaki ya shuleni, na moyoni sikuwahi kuviamini sawasawa. Omubirizi wa kwenye kona ya shamba langu nao ukanikunja uso kila asubuhi mpaka nikaona kweli mtu anatibiwa. Basi nikaanza kufanya hesabu za karani. Ikiwa ini lina koti, kuna ubaya gani kuongeza kidonge? Na nikiongeza kidonge, kuna ubaya gani kuongeza ndizi? Siku ya senene nilikula senene wa kukaanga, ndizi sahani mbili, nikateremshia lubisi, nikameza vidonge mara mbili ya nilivyoambiwa, na kesho yake nikatia majani mengi zaidi kwenye kinu. Nikawa mtu wa kujipangia. Mke wangu alipouliza, nikamwuliza yeye alisoma hadi darasa la ngapi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mvua zile zikaisha, masika yakaja yakapita, na kahawa ikaanza kuiva. Mkojo ukageuka rangi, nami, kama nilivyosema, nikapiga mluzi. Kisha kikaja kichefuchefu cha asubuhi. Watu wa ghalani wakaniuliza mtoto atazaliwa lini. Kisha kuwashwa. Ndugu zangu, kuwashwa kule sikutakii hata wewe uliyeniibia mwavuli. Hakuna kipele, hakuna mdudu. Ni ngozi yenyewe imekasirika. Nilijikuna kwa vidole, kwa kitana, kwa gunzi la mahindi, mwisho nikawa najisugua kwenye nguzo ya baraza kama ng'ombe. Choo kikawa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta. Hilo sikumwambia mtu.

"Macho yako yamebadilika," mke wangu akasema.

"Ni taa."

"Ni saa nne asubuhi."

"Basi ni macho yako wewe."

Akaenda kumwita Bi Mwanaidi. Mama yule akaja na ungo wake wa maharage mkononi, akanisimamisha juani, akanivuta kope la chini kama anayenunua mbuzi.

"Bwana Karani, una kiini cha yai humu. Wewe unangoja nini, uanguliwe?"

Nikaenda. Na hapa hasira yangu ya kweli ndipo inapoanza.

Nilikuwa nimetii, ingawa kwa kuchelewa. Nilikuwa nimerudi na macho ya manjano kama nilivyoambiwa. Nilitazamia daktari aseme: ndiyo, ni vile vidonge, nilikuonya. Yeye aliniangalia mara moja tu, akamgeukia dresa, si mimi, akasema, "Mwulize amekunywa dawa gani ya kienyeji."

Nikajibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha sekondari, kwamba nimekunywa omubirizi, lakini pia yeye alisema vidonge vyake vinaweza kuumiza ini. Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa navizidisha. Sikupata nafasi. Alinyanyua mkono kama anayezuia gari, akasema ninyi hamjifunzi, mnapewa dawa safi mnakwenda kunywa matope. Dresa, aliyezaliwa Kamachumu na kunyweshwa omubirizi na mama yake kama sisi sote, akalichukua fungu la majani nililokuja nalo kwa ncha za vidole, akalitupa shimoni, akapangusa mikono. Huyo ndiye aliyenikera kuliko Mzungu.

Nikalazwa. Na vidonge nikaendelea kupewa vilevile, maana sukari ilikuwa juu. Mtu ameungua kwa moto, wamemwondolea shuka, wamemwachia moto.

Sina la kukuambia juu ya wodi ambalo hutaliona mwenyewe, ila hili la uji. Asubuhi ulipita uji wa wagonjwa wote kutoka pipa moja, na ulikuwa umetiwa sukari. Nikasema mimi ni mgonjwa wa sukari. Mgawaji akanijazia kikombe. "Ndiyo, yako imo," akasema. Alidhani ninadai.

Mke wangu alikuwa anatembea kutoka Nshambya kila siku na mboga za mnavu na samaki asiye na mafuta. Alinifuta, akanikuna mgongo kwa kitambaa cha maji baridi, akabeba chupa yangu na kuirudisha. Nami nilikuwa nimekuwa mkali kama nyigu. Samaki akiwa na chumvi nilisema ana chumvi, akiwa hana nilisema hana. Ngozi yangu ilikuwa rangi ya papai lililoiva, mbavu zinahesabika, na kila nilipofumba macho niliyaona makaburi ya kibanjani kwetu, shamba la migomba la ukoo, na nafasi iliyobaki pale kando ya baba. Niliogopa kufa. Nilionyesha woga huo kwa kugombana juu ya chumvi.

Ndipo wakaja wa Muleba. Mama amebeba birika limefunikwa kwa khanga, mjomba Kasiano nyuma yake. Ndani ya birika ni omubirizi, wa kutosha ng'ombe. Mama akanong'ona, "Kunywa upesi, mwanangu, wasije. Wamekuvua koti ndiyo maana unazidi." Upande wa pili dresa anakuja na sinia la vidonge. Kikombe kutoka kulia, kidonge kutoka kushoto, mimi katikati na mdomo wazi kama kinda.

Mke wangu aliketi pale chini kwenye mkeka. Akasimama. Alichukua kikombe mkononi mwa mama, kwa mikono miwili, kwa adabu, akakiweka dirishani. Akachukua kidonge kwenye sinia, akakiweka kando ya kikombe.

"Hanywi hiki wala kile," akasema.

"Mwanamke, umerukwa na akili?" dresa akamwuliza.

"Alianza hivi viwili pamoja, akawa hivi. Mnagombania kipi kimemwua, wakati bado hajafa. Mimi naondoa vyote nione."

Mama akapiga ukelele. "Mawee! Anataka kumwua mwanangu! Sukari itampanda afe, yeye arudi kwa baba yake Kitendaguro na shamba letu!" Mjomba akasema mambo haya si ya wanawake. Dresa akasema atamwita daktari. Na mimi, niliyekuwa nikipiganiwa, unajua nilisema nini? Nilimwambia, mbele ya wodi nzima, arudi kwao leo hii.

Hakurudi. Daktari alikuja, akamsikiliza nusu, akasema asiyetaka dawa hana haja ya kitanda. Mke wangu akakunja blanketi. Akanipandisha kwenye baiskeli ya kukodi kama gunia la kahawa, mwenye baiskeli akisukuma, yeye akinishika mgongo, mpaka Nshambya. Njia nzima sikumsemesha.

Zile wiki zilizofuata nazikumbuka kwa benchi la Bi Mwanaidi, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyekuwa dresa wetu. Kila asubuhi nilitolewa barazani, ananivuta kope.

"Leo?" mke wangu anauliza.

"Bado yai."

Kiu ikarudi. Sisimizi wakarudi, wakiwa wengi zaidi, kama waliopelekeana habari. Mke wangu akaninyima ndizi kabisa. Nilikula mnavu, samaki, karanga chache, mnavu tena. Nilimwambia hata mbuzi wa Bi Mwanaidi anakula kwa kubadilisha. Siku moja nilijikokota hadi jikoni nikakutana na ndizi mbivu moja kwenye kikapu, kabla sijaimenya, yule mama akapaza sauti toka kwake, "Irudishe, Bwana Karani. Nimeihesabu."

Huo ndio ulikuwa mchezo wetu, na haukuwa wa kuchekesha kama ninavyousimulia. Sukari ilikuwa inanila upande mmoja wakati ini likingojewa upande mwingine. Miguu ilikuwa inawaka. Nilikonda mpaka pete ikaanguka ndani ya bakuli. Mke wangu alikuwa anajua hilo. Aliketi akinitazama nikinywa maji, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, anaomba au anahesabu vikombe, sikuuliza.

Kuwashwa ndiko kulikoondoka kwanza. Siku moja tu niligundua nimekaa kitini tangu asubuhi na nguzo sijaigusa. Kisha mkojo ukaanza kupauka. Nilipowaambia, sikupiga mluzi. Mvua za senene zikawa zinanyesha tena, na siku moja jua lilipochungulia baada ya mvua Bi Mwanaidi akanivuta kope, akavuta na la jicho la pili.

"Mayai yamekwisha," akasema. "Mpeleke sasa, kabla hajaisha yeye."

Yule daktari mrefu alikuwa amekwenda likizo kwao. Aliyeshika zamu yake alikuwa mwingine, mfupi, mchovu, kola yake imekunjika. Alifanya jambo moja ambalo wengine hawakulifanya: aliketi, akaniuliza, akangoja. "Vidonge ulikuwa unameza vingapi, kwa kweli?" Nikamwambia. "Na jani?" Nikamwambia na hilo. Hakunitukana. Akasema huenda ni vidonge, hasa kwa jinsi nilivyovizidisha. Huenda jani nalo, kwa wingi ule, liliongeza. Huenda bila jani ingekuwa mbaya zaidi. "Sijui," akasema, "na sitakujaribu tena ili nijue." Vidonge vile nisiviguse maisha yangu yote. Nitachomwa sindano.

Mtu anaposema hajui, kumbe inaweza kupumzisha hivyo! Nilitaka kumbusu mkono.

Sindano nilimwambia mke wangu ajifunze yeye, maana mimi nikiona ncha ya sindano huona na nyota. Alijifunza kwa kuchoma ndizi mbichi. Mkungu mzima uliharibika. Anachemsha bomba katika sufuria yake ya pekee, ananiambia nitazame ziwani. Kutoka kwetu ziwa halionekani, lakini natazama. Nimenenepa tena. Pete imerudi kidoleni, tumeifunga uzi.

Sasa ungetazamia niwe na furaha. Sikiliza yanayoendelea.

Mjomba Kasiano anawaambia watu wa Muleba yote kwamba mpwa wake aliokolewa na omubirizi. Wazungu walishindwa, jani likashinda. Watu wenye sukari wanakwenda kwake wakitoka wanajiona wamevaa makoti. Daktari mrefu amerudi kutoka likizo, naye anasimulia benchi zima kwamba yuko karani mmoja wa Nshambya aliyenusurika kufa kwa majani ya kienyeji. Dresa ananionyesha kwa kidole: huyo. Nimekuwa shahidi wa pande mbili, na hakuna upande ulioniuliza nilichokiona. Ningepiga kelele sokoni kama nisingekuwa mtu wa nyumbani.

Nilikwenda Muleba kugombana. Mjomba alinikaribisha kahawa ya kutafuna, sikuipokea, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumtemea mtu mlangoni. Mama akashika kichwa.

"Uliniambia ini litavaa koti la mvua!" nikamwambia.

Akanitazama, hana haraka. "Koti nilikupa. Wewe ukalivaa ukaenda kuogelea nalo ziwani."

Nikazidi kukasirika. Nikamwambia basi awaambie na wale wengine kwamba koti halizuii ziwa. Akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Kwa hiyo naandika mimi. Wewe mwenye vidonge, jani lisikupe ruhusa. Hata likiwa linalinda, nami siwezi kuapa kwamba halilindi, halijui kuhesabu ndizi zako wala vidonge ulivyojiongezea. Mwambie daktari majani unayokunywa, na mwambie mwenye majani vidonge unavyomeza, na asiyetaka kusikia, mwambie tena kwa sauti. Macho yatazamwe juani, na mtu mwingine, si wewe. Mti wa omubirizi bado uko kwenye kona ya shamba langu. Sikuukata. Nausalimia nikipita, lakini siunywi, mpaka atokee mtu wa kuniambia kwa kweli ulinifanya nini.

Jana nilimsomea Bi Mwanaidi haya yote barazani, kwa kuwa nimemtaja na sitaki kesi. Alichambua maharage yake mwanzo hadi mwisho bila kuniingilia, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilipomaliza nikamwuliza kama kuna nilichosahau. Ndani mke wangu alikuwa anachemsha bomba la sindano ya jioni. Sufuria ilikuwa inasikika ikigonga. Mama yule akapeta ungo, akapuliza makapi upande wangu, akasema:

"Mjomba umemwandika jina, mimi na ukorofi wangu umetuandika, hata mti umeuandika jina. Huyo aliyekutoa kwenye kitanda cha kufia umemwita tu 'mke wangu, mke wangu, mke wangu', kama kiti chako. Anaitwa Kokugonza."